Usisubiri kilo kumi: mwongozo wa kutonenepa ukubwani

Wengi huanza kushughulika na uzito wakiwa wamechelewa. Suruali zimegoma kufunga, ngazi za ghorofa ya pili zinawatoa pumzi, presha imesomeka juu, ndipo wanapouliza dawa ya kupunguza kilo 15 kwa mwezi. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajafika huko, au ameshafika na hataki kuongeza nyingine. Nimemlenga hasa mtu wa mjini wa miaka 30 hadi 55 anayeshinda amekaa, iwe ofisini, dukani au kwenye usukani, mchana akila kwa mama lishe na usiku nyumbani kwake. Kuzuia ni kazi ndogo kuliko kupunguza. Ugumu wake ni kwamba inabidi uifanye wakati hakuna kinachokuuma.

Na si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Kenya, utafiti kama huo wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa kilo zinaingiaje

Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Kevin Hall, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, walichapisha hesabu ambayo ni rahisi kuikumbuka. Kwa mtu mzima wa kawaida, kila kalori 24 anazozidisha kwa siku, akiendelea nazo siku zote, hatimaye humwongezea kilo moja hivi. Nusu ya ongezeko hilo huonekana ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu lote ndani ya miaka mitatu. Baada ya hapo uzito hutulia, kwa sababu mwili mkubwa nao unatumia nguvu zaidi.

Sasa piga hesabu. Kalori 100 za ziada kwa siku, ambazo hazifiki hata andazi moja la kawaida, ni kilo 4. Hukula kama mlafi, hakuna siku uliyovimbiwa, na bado baada ya miaka mitatu watu wanakuambia umebadilika. Kisha unaongeza kingine kidogo, na mzunguko unaanza upya. Habari njema ni kwamba hesabu hiyohiyo inafanya kazi kinyume: anayetaka kutonenepa hahitaji kujinyima kwa ukali. Anahitaji kuziona hizo kalori 100 zinapopita na kuziondoa kwa kudumu.

Liko pia dai kwamba mwili "hupoa" baada ya miaka 30. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliokusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ulionyesha kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayabadiliki sana kati ya umri wa miaka 20 na 60. Kinachobadilika ni maisha. Umeoa au umeolewa, unapikiwa vizuri au unapika vizuri, umenunua gari, umepandishwa cheo hadi kwenye kiti chenye magurudumu, na vikao vya harusi vimeongezeka. Hayo yote yanaweza kupangwa upya. Umri hauwezi.

Hatua ya 1: Weka mstari wako

Tafuta mizani. Kama huna, tumia ya duka la dawa au ya wale vijana wanaopimia watu stendi, ilimradi iwe ileile kila mara, kwa kuwa mizani mbili zinaweza kutofautiana kilo nzima. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai. Andika kwenye simu au kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati.

Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake siku za hedhi. Kwa hiyo usifurahi wala usihuzunike kwa namba ya siku moja. Tazama wiki nne.

Kisha ongeza kilo 2 juu ya uzito wako wa sasa. Huo ndio mstari. Aliye na kilo 70, mstari wake ni 72. Ukiuvuka wiki mbili mfululizo, unachukua hatua wiki hiyohiyo, na hatua hizo uwe umeziamua mapema, ukiwa na akili iliyotulia. Mfano: hakuna soda wala bia, ugali au wali wa usiku unakuwa nusu, na kila siku dakika 30 za kutembea, mpaka urudi chini ya mstari. Kilo mbili zinaondoka kwa mwezi mmoja au miwili bila mateso. Kilo kumi ni habari nyingine kabisa.

Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 linalofuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi. Karibu robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki. Kujipima hakupunguzi uzito, lakini kunamnyima mtu nafasi ya kujidanganya.

Chukua na futi ya fundi cherehani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kawaida, bila kuvuta tumbo ndani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 168 asivuke 84. Kipimo hiki nakiamini kuliko mizani kwa wanaume wembamba wa mikono na miguu waliobeba kitambi, kwa sababu mafuta ya ndani ya tumbo ndiyo yanayoandamana na kisukari na presha. Mizani inaweza kukuambia uko sawa na kitambi kikakukanusha.

Kama mizani inakutia wasiwasi au unajikuta unaikimbilia mara tano kwa siku, iache. Chagua nguo moja isiyovutika, suruali ya kitambaa au sare ya harusi uliyoshonewa kwa kipimo, uijaribu kila mwisho wa mwezi. Dera na suruali za mpira kiunoni hazifai kwa kazi hii. Hizo zinakubali kila kitu.

Hatua ya 2: Anza na vinywaji

Ningelazimika kumpa mtu ushauri mmoja tu, ningempa huu, kwa sababu kinywaji kitamu kinaingia bila kupunguza njaa ya chakula kinachofuata. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, yaani vijiko vya chai 9. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za siku, na bora zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Soda moja imeshavuka.

Lakini wengi wetu hatuharibiwi na soda. Tunaharibiwa na chai. Vikombe 3 vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko 3 vya sukari vilivyosawazishwa, ni gramu 36. Na nani anasawazisha kijiko? Usiache sukari ghafla, utarudi kwa hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi unazoea taratibu, na baada ya miezi mitatu chai ya zamani utaiona shira. Tangawizi, iliki na mchaimchai husaidia kuziba pengo.

Juisi ya embe, ya pasheni au ya miwa haiachi kuwa sukari kwa sababu imetoka shambani. Embe lenyewe, ulilolimenya na kulitafuna, linakushibisha. Juisi ya maembe matatu unaimaliza ukisubiri chakula. Kula tunda, kunywa maji.

Bia ya nusu lita ina kalori 200 hivi. Nne za Jumamosi ni 800, bado hujaagiza nyama na ndizi za kuchoma. Mnywaji asiyetaka kuacha anaweza kuweka idadi kabla hajakaa, na kuagiza maji katikati ya chupa na chupa. Asiyeweza kushika idadi aliyojiwekea tatizo lake si uzito.

Hatua ya 3: Andika tarehe kwenye chupa ya mafuta

Siku unayofungua lita ya mafuta ya kupikia, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Siku inapoisha, hesabu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote, ya alizeti, ya mawese au ya zeituni, kina kalori 120 hivi, na lita nzima zaidi ya 8,000. Nyumba ya watu 5 inayomaliza lita kwa siku 5 inampa kila mmoja zaidi ya kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chupa hiyo peke yake. Ikifika siku 10, ni karibu 160. Tofauti hiyo inazidi zile kalori 100 tulizoanza nazo, na hakuna mtu aliyelala na njaa.

Namna ya kufika huko: acha kumimina, pima kwa kijiko. Mchicha na matembele havihitaji kuogelea. Samaki anaweza kupakwa na kuchomwa, au kuchemshwa kwa ndimu na nyanya. Maharage ya nazi yawe na tui jepesi, tui zito libaki la siku maalumu. Chapati zipikwe siku zinazojulikana, wala zisiwe mkate wa kila asubuhi. Wapishi wa Pwani mtaninunia kwa hili la tui, lakini nazi nayo ni mafuta.

Mpishi wa nyumba asiposhirikishwa hatua hii haiendi. Mume anayemlaumu mke kwa kitambi chake, huku pesa ya mafuta anatoa yeye na vyakula vya kukaanga anaviagiza yeye, aanze kwa kuingia jikoni.

Hatua ya 4: Geuza sahani

Sahani ya kawaida ya mchana ni mlima wa wali, maharage pembeni na vijani vitatu vya mchicha. Igeuze: mboga za majani na maharage, kunde, dagaa au samaki vichukue sehemu kubwa, wali au ugali uchukue robo au theluthi. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazokaa tumboni mpaka jioni. Dona hushinda sembe kwa sababu hiyohiyo, ingawa dona la mlima bado ni mlima.

Kwa mama lishe hili halihitaji pesa zaidi, linahitaji kusema mapema, kabla hajapakua.

"Mama, wali kidogo, maharage jaza, mchicha ongeza."

"Hutashiba, baba."

"Nitashiba, mama."

Akikuzoea atakupakulia hivyo bila kuulizwa.

Kwenye sinia ya pamoja kipimo kinapotea, kwa hiyo linda mwendo: tafuna, zungumza, nawa mapema. Nyumbani, sufuria zibaki jikoni. Aliyepakuliwa mara moja na akalazimika kunyanyuka kwa ajili ya ukoko wa pili, mara nyingi hanyanyuki. Chipsi mayai sizikatazi, ila zisiwe jibu la kila siku ambayo umechoka. Ukizila, zile ukiwa umekaa, kwa sahani, na kachumbari nyingi. Simu weka pembeni.

Neno moja kuhusu vyakula vya pakiti. Mwaka 2019 Kevin Hall yuleyule aliwaweka watu 20 katika kituo cha utafiti kwa wiki nne: wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana, wiki mbili vya kawaida, na katika milo yote waliruhusiwa kula wapendavyo. Kwenye vya kusindikwa walikula kalori 500 hivi zaidi kwa siku, na wakaongezeka karibu kilo moja kwa wiki mbili. Biskuti, soseji, tambi za dakika mbili na krispi zinalika kwa kasi kuliko uwezo wa tumbo kutoa taarifa. Zisikae ndani ya nyumba. Atakayezitaka aende dukani kununua.

Hatua ya 5: Okoa jioni

Siku nyingi huharibika kati ya saa 11 jioni na saa 4 usiku. Umekaa kwenye foleni, umefika nyumbani na njaa ya kufunga, unaonja jikoni, unakula mezani, kisha unamalizia mabaki ya watoto. Dawa yake ni kula kitu kidogo saa 10 au 11 jioni kabla ya kuondoka kazini: ndizi mbivu, yai la kuchemsha, au karanga za kujaa kiganja kimoja tu, kwa kuwa karanga nazo zina mafuta mengi. Ukifika nyumbani unakula kama mtu, si kama aliyetoka jela.

Lala. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 uliwasaidia watu wazima wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu, kuongeza saa moja na dakika kadhaa za usingizi. Wakapunguza kalori 270 hivi kwa siku bila kuambiwa wapunguze chakula.

Hatua ya 6: Tembea, lakini usitegemee mguu ulipie mdomo

Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao bado hupata chakula kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Hutembea sana kila siku. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia kwa siku, na matokeo yakawashangaza wengi: ukizingatia ukubwa wa mwili, hazikutofautiana na za watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa maofisini. Mwili hubana matumizi mahali pengine.

Kwa hiyo nusu saa ya kutembea, ambayo kwa mtu wa kilo 70 hutumia kalori 130 hivi, haifuti soda moja. Jumapili alfajiri vikundi vya jogingi vya mitaani Dar es Salaam vinapita vikiimba, jambo zuri sana. Supu na chapati tatu zinazofuata ndizo zenye mjadala.

Tembea hata hivyo. Presha, sukari, usingizi na moyo vyote hufaidika, na wengi katika lile daftari la Marekani waliofanikiwa kuzuia uzito usirudi ni watu wa mazoezi ya kila siku. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Asubuhi ya Dar ukitembea unafika kazini umelowa, basi shuka kituo kimoja kabla wakati wa kurudi. Usimtume mtoto dukani mita 200 kila siku. Misuli huhitaji mzigo: kuchuchumaa na kuinuka mara 15, kubeba ndoo, kupanda ngazi.

Hatua ya 7: Jiandae na maneno

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na hakuna mizani inayosaidia. Ukinenepa utaambiwa umependeza, mambo yako yamenyooka, umepata mke mzuri. Ukipungua kilo tatu utaulizwa kwa sauti ya chini kama unaumwa. Mazoea haya yana mizizi: kwa miaka mingi ya janga la UKIMWI, kukonda kulitosha kuanzisha minong'ono. Usibishane. "Sijambo kabisa, siku hizi natembea" inatosha, kisha badilisha mazungumzo.

Ukweni na kwenye misiba, kukataa chakula ni kosa. Pokea, kula polepole, acha kidogo, sifu. "Asante mama, nimeshiba, kitamu kweli. Naomba unifungie kidogo cha kesho." Mwenyeji amepata heshima yake na wewe umepata mlo wa siku inayofuata.

Tabia nyingine ya kuacha ni "leo nimeshaharibu, nitaanza Jumatatu". Pilau la harusi si tatizo. Tatizo ni siku zote kati ya harusi na Jumatatu. Mlo unaofuata uwe wa kawaida, usiwe wa kujiadhibu.

Sikukuu zipangiwe peke yake. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2000 ulikuta kwamba uzito mdogo walioongeza watu wakati wa sikukuu za mwisho wa mwaka, chini ya nusu kilo kwa wastani, haukuondoka baadaye. Kwa hiyo pima kabla ya Krismasi na wiki ya kwanza ya Januari. Mwezi wa Ramadhani, futari ya kaimati, sambusa, tambi za sukari na muhogo wa nazi kwa pamoja inaweza kuzidi milo mitatu ya kawaida: fungua kwa tende na maji, kunywa uji usio na sukari nyingi, swali, kisha rudi kwenye sahani moja iliyopangwa.

Wakati wa kumwona daktari

Uzito ukipanda kilo kadhaa kwa wiki chache bila sababu, miguu ikavimba, pumzi ikakata ukilala chali, au ukawa na uchovu na baridi isiyoeleweka, usihangaike na sahani. Nenda hospitali.

Baadhi ya dawa huongeza uzito: prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa baadhi ya wanawake, na dolutegravir iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Usiache hata moja kwa uamuzi wako. Mwambie daktari uzito wako kabla ya kuanza dawa na ulivyo sasa, mtazame pamoja la kufanya. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiruke mlo wala kufunga bila kuzungumza naye kwanza, na mjamzito asitumie mwongozo huu. Kliniki yake itampa wake.

Chai na vidonge vya kupunguza tumbo vinavyouzwa mitandaoni viache. Nyingi ya hizo chai huharisha tu. Kinachopungua ni maji, na yanarudi ukinywa glasi mbili.